Kungoja Mstari wa Pili, Homa Bay

Niliondoka Nakuru kwa sababu bibi mmoja wa Homa Bay aliulizwa swali la ndiyo au hapana, akasema atalijibu kwa shairi.

Bibi huyo ni Nasreen, nyanya yake rafiki yangu Saira. Saira humwita Dadi, kwa Kiurdu, maana ndiye aliyemzaa baba yake. Mimi na Saira tulifundisha shule moja hapa Nakuru kabla hajarudi kwao ziwani. Huko alikutana na Rashid Okoth, fundi wa sola, Mluo Mwislamu wa Karungu, upande wa Migori. Wakapendana, na Rashid akatuma wazee kama inavyotakiwa. Javed, baba yake Saira, hakukataa wala hakukubali. Alisema neno ni la mama yake. Na huyo mama yake, kila alipoulizwa juu ya kijana, alijibu neno moja tu: simjui. Akiambiwa kijana ni mchapakazi, simjui. Akiambiwa ana adabu, simjui. Mwishowe akatangaza kwamba watu wa pande zote mbili waje nyumbani kwake Jumapili alasiri, naye atatoa jibu kwa ghazali, shairi la Kiurdu, kama baba yake alivyofanya zamani, yeye mwenyewe alipoposwa.

Saira alinipigia simu. "Halima, sitaolewa kwa kumruka Dadi," aliniambia. "Akikataa, basi. Nimekaa." Watu wa Rashid hawajui Kiurdu hata cha kuombea maji, kwa hivyo alitakiwa mtu wa kusimama kando ya Dadi na kutafsiri. Saira alikuwa amenifikiria mimi.

Ninyi wenzangu wa chama cha mashairi mnanielewa. Nimelelewa mtaa wa Bondeni, mlango kwa mlango na Wapunjabi, nikajifunza Kiurdu uani kwao na baadaye vitabuni. Mmenibandika jina la Kamusi, nami sijawahi kulikataa. Nilirukaruka jikoni kwa furaha hadi mume wangu Juma akaja mbio kutazama kama nimeumwa na nge. Ghazali hai, kutoka kinywani mwa aliyeitunga, katika mji ambao sikujua kama una mtu wa kuikumbuka! Nilimwambia Juma nitapitia Migori kwanza niwaone watu wa Rashid, kwa kuwa mtafsiri hasimami katikati ya watu asiowafahamu. Juma alisema sawa. Juma husema sawa kwa mambo mengi.

Alhamisi, Migori. Basi lilinishusha alasiri, kiuno kikiwa mbao lakini roho ikiwa juu. Migori ni mji wa barabara kuu, na kila kitu chake kimeigeukia barabara: maduka, hoteli, wauza matunda, malori yanayoelekea mpakani. Nilisikia Kidholuo, Kikuria na Kiswahili katika hatua chache tu. Nilikula ugali na samaki mbele ya dirisha la chumba cha wageni, nikajisomea ghazali za zamani kwa sauti ili ulimi upate moto. Jirani wa chumba cha pili alibisha ukutani. Nikaendelea kwa sauti ya chini.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya soko Ogwedhi, na huko ndiko nilikoelekezwa kumpata baba yake Rashid, mnunuzi wa ng'ombe. Ogwedhi iko mwisho wa Uriri, mahali ambapo mashamba ya mahindi yanakoma na upande wa Narok unaanza. Wamasai walikuwa wamekuja na mifugo yao, Wakuria na yao, na Waluo wakapita kati wakifungua midomo ya ng'ombe kutazama meno. Vumbi lilinijaa hadi kwenye kope, nami nilikuwa nimefurahi kiasi cha kusahau kuvaa mtandio vizuri. Sikuhitaji kuuliza mara mbili. Baba Rashid alisikika kabla hajaonekana.

Ni mtu mpana, kofia ya cowboy, fimbo kwapani, na kinywa kisichopumzika. Alinikaribisha chai ya maziwa kibandani na papo hapo akanieleza Wahindi ni watu wa namna gani. "Wahindi nawajua, nyar Nakuru," alisema, akiniita binti wa Nakuru. "Nimefanya biashara na wao tangu nikiwa kijana. Hakuna kitu yao mimi sijui." Nilimpenda palepale, maana mjuvi humtambua mjuvi mwenzake.

Nikampa somo langu. Nilimweleza kwamba ghazali huenda kwa mistari miwili miwili, na kila mstari wa pili humalizikia kwa maneno yaleyale, toka mwanzo hadi mwisho. Katika jozi ya mwisho mshairi hulitaja jina lake mwenyewe. Hapo Baba Rashid aliweka kikombe chini, akafurahi kama aliyemwona ndugu yake ugenini. Alisema hiyo ni pakruok. Kwa Waluo, sherehe ikichangamka, mtu huusimamisha muziki, akalitaja jina lake, akajisifu yeye na nyumba yake na rafiki zake, wenzake wakamjibu, kisha muziki ukaendelea. Nikamwambia la, hasha, ni kinyume kabisa. Mluo hujitaja ili ajikweze, mshairi wa Kiurdu hujitaja ili ajichape.

"Sasa mtu ajitaje mbele ya watu halafu anyamaziwe?" aliniuliza. "Hiyo si heshima. Hiyo ni kumtusi."

Nilimsihi Jumapili akae kimya hadi shairi liishe. Aliahidi kwa mkono juu ya kofia. Mimi nikaondoka pale nikijipongeza kwamba nimemfundisha mzee wa watu jambo.

Jioni, Karungu. Tulifika kwa gari la Baba Rashid, ziwa likiwa wazi mbele yetu na mashua zikiwa zimevutwa mchangani. Nyumba yao iko juu kidogo, na upepo wa ghuba huingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Mama Rashid alinipikia samaki ngege wa mchuzi, na kila nilipomaliza kipande akaweka kingine. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini nilimwona akizunguka na swali tangu nilipoketi. Mwishowe alilitoa, huku akifuta mikono kwa leso.

"Niambie ukweli. Hiyo shairi yake iko na ndiyo ama iko na hapana?"

Nilimwambia bado haijasomwa. Akatikisa kichwa, akasema kijana wake halali siku hizi, anapanda mapaa ya watu kufunga sola akiwa hajala, na yeye kama mama anaogopa siku moja ataanguka. Hapo nilitazama upande wa Rashid. Alikuwa ameinama juu ya sahani akitenganisha miiba ambayo haikuwepo.

Jumamosi asubuhi tukafanya darasa ufukweni. Nilikuwa nimeona kwamba jambo moja linaweza kuiharibu Jumapili: wasikilizaji wasiojua kusikiliza. Katika kikao cha Kiurdu, mshairi akitoa mstari wa kwanza, wasikilizaji huuinua, yaani huurudia wote kwa pamoja na kumrudishia. Naye huusema tena, polepole, akiwatesa kidogo, na ndipo anapotoa wa pili. Bila watu wa kuinua, ghazali huanguka kama gunia. Basi niliwapanga Rashid, ndugu zake na binamu zake kando ya mashua, nikawatungia mstari mwepesi wa Kiurdu: upepo umeingia Karungu bila kubisha hodi. Wakauinua. Ee, jamani, mngewasikia! Kiurdu kwa lafudhi ya Karungu, kimesimama wima na nguvu zote za vifua vya wavuta nyavu. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, waliacha kazi wakauinua nao. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Kosa lao lilikuwa moja. Kila nilipourudia mstari wa kwanza, mmoja wao alikuwa akirukia kubahatisha wa pili. Niliwakemea sana. "Haraka haraka haina baraka," niliwaambia. "Mstari wa pili ni wa mshairi. Wewe ngoja." Rashid pekee hakukosea hata mara moja. Alikuwa akingoja mdomo wazi, macho kwangu, kana kwamba mstari wangu wa upepo ungemwambia kitu juu ya Saira.

Mchana tulianza safari ya Homa Bay, mimi na Rashid katika pikapu yake yenye ngazi nyuma, wazazi na jamaa wangetufuata kesho yake. Tulipita Magunga, barabara ikapanda, kisha Bonde la Lambwe likafunguka chini yetu: mashamba ya mahindi na alizeti upande huu, na upande ule nyasi ndefu za Hifadhi ya Ruma, ambako Rashid alinionyesha twiga watatu wametulia wakitafuna. Alianza kuzungumza humo. Alinieleza jinsi Saira anavyobishana na redio, na jinsi anavyokunywa chai ikiwa imepoa. Nilikuwa nikimsikiliza kwa furaha simu yangu ilipolia. Ilikuwa Saira mwenyewe.

Alikuwa amejificha stoo. Alisema amemsikia Dadi jikoni akiyapima maneno kwa vidole juu ya meza, na kila mara yanamalizikia mahali pamoja: nahin jaanti. Simjui. Hayo ndiyo maneno ya kufungia kila jozi. "Unaona maana yake?" aliniuliza.

Niliona. Nani asingeona? Mtu amesema simjui kwa miezi, sasa ameifanya simjui nguzo ya shairi zima. Jozi ya mwisho, yenye jina lake, itamtaja kijana na kufungia neno lilelile. Nilikuwa nimelijua shairi kabla sijalisikia, na msishangae nikisema kwamba, pamoja na huzuni, nilijisikia mwerevu. Nilishusha sauti nikamwambia Saira ajitayarishe. Nilisikia tu mfuko wa kitu, labda mchele, ukisogezwa, kisha simu ikakatika. Rashid aliniuliza Saira amesema nini. Nikamjibu ni mambo ya maua ya mezani. Tukashuka hadi Homa Bay bila twiga mwingine wala hadithi nyingine.

Jumamosi jioni, Homa Bay. Nyumba ya Dadi iko nyuma ya duka la zamani la familia, chini ya mlima Asego, na ukisimama uani unauona mlima nyuma na ziwa mbele. Nilimkuta mlangoni akigombana na muuza samaki kwa Kidholuo cha kasi. Nilimwelewa kwa mikono tu. Ni mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake. Waluo wa mtaa ule humwita dani, ambalo kwao pia ni nyanya, kwa hivyo amekuwa nyanya wa kila mtu.

Nilimsalimu kwa Kiurdu changu bora. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa Kiswahili kwamba ninaongea kama gazeti, kisha akanipa chai. Nikamwomba kwa adabu anionyeshe ghazali usiku huohuo ili niitafsiri kwa utulivu.

"Hapana," alisema. "Ukisoma leo, kesho hutaskiza."

Saira alipita na sinia, macho mekundu, akanitazama mara moja tu.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Ua ulijaa. Upande mmoja jamaa za Saira, wengine wametoka Kisumu, upande mwingine Karungu nzima, Baba Rashid mbele na kofia yake magotini. Javed, mfupi na mwenye wasiwasi, alikuwa akizungusha viti vilivyokwisha kupangwa. Nilipewa maikrofoni. Dadi alikaa kwenye mkeka mnene, karatasi mkononi, lakini hakuitazama hata mara moja.

Alipoanza, nilisahau huzuni yote. Jozi ya kwanza ilikuwa ya ziwa: nimelitazama tangu utoto, nimelinywa, nimelipikia, na nikiulizwa kina chake, silijui. Alitoa mstari wa kwanza, na Karungu wakauinua kwa sauti moja. Mngemwona Dadi! Kichwa kiliinuka, miwani ikamteleza. Baadaye alikiri kwamba tangu mumewe azikwe hakuna mtu aliyekuwa amemwinulia mstari. Akaurudia, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka umri. Jozi ya pili ikawa ya Asego: jina lake nalitaja kila siku, mlima wenyewe siujui. Ya tatu ya kitabu: nilikifunga nikasema nimekimaliza, kikanicheka kabatini, sikijui. Katika Kiurdu maneno ya mwisho ni yaleyale. Kwa Kiswahili chetu yanabadilisha nguo tu. Nilitafsiri kwa raha tupu. Upande wa Kisumu ulipiga kelele za wah, wah. Mama mmoja wa Karungu alisema kwa sauti kwamba hata yeye ziwa halijui, na limemchukulia kaka.

Ndipo ikaja jozi ya mwisho. Dadi alifumba macho. "Wananiuliza, Nasreen, huyu kijana wamjua?"

Karungu wakauinua mstari. Na katikati ya kuuinua, Baba Rashid akalisikia jina. Nilimwona akijizuia, shingo imevimba, ahadi ikipigana kifuani. Ilishindwa. Alisimama mkono juu. "An Okoth wuod Karungu," alinguruma, yaani mimi Okoth mwana wa Karungu, "ng'ombe yangu ikikohoa, Tanzania wanafunga mlango! Na leo nimesimama na Nasreen nyar Homa Bay!" Watu wake wakamjibu kwa vifijo. Kwake yeye, mama mzee alikuwa amejitaja mbele ya halaiki na asingeweza kuachwa peke yake na jina lake. Lakini Javed hakuliona hivyo. Alisimama kwa hasira akiuliza kwa nini mama yake anakatizwa, ndugu zake wa Kisumu wakasimama naye, viti vikaanguka, na kila mtu akawa anaeleza kwa lugha yake.

Mimi nilikuwa na maikrofoni. Na mimi nilikuwa najua. Nilidhani nikilimaliza jambo lenyewe, lililobaki litakuwa huzuni tu, na huzuni haina kelele. Basi nikasema kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya, kwamba watu watulie. Dadi ameulizwa kama anamjua kijana huyu, na jibu lake ni kwamba hamjui.

Wakatulia. Baba Rashid aliketi polepole, kofia ikamwanguka, hakuiokota. Mama Rashid alijifunika mdomo kwa leso. Saira aligeuka akaingia jikoni. Rashid alibaki amesimama kati ya viti na mlango, mikono ikining'inia.

Dadi alifumbua macho, akanitazama mimi, si mwingine. Alianza kwa Kidholuo. "Mos mos, nyathina," alisema, polepole, mwanangu. Kisha kwa Kiswahili: "Mimi bado niko kwa mstari ya kwanza. Wewe ya pili umeskia wapi?"

Maikrofoni ilikuwa bado imewaka, kwa hivyo kila mtu alinisikia nikiitafuta swichi ya kuizima. Dadi alimwita Saira atoke jikoni. Saira alitoka, akasimama mlangoni. Dadi akautoa tena mstari wa kwanza: wananiuliza, Nasreen, huyu kijana wamjua? Hakuna aliyethubutu kuuinua. Baba Rashid alijiziba mdomo kwa mkono. Kimya kilipokaribia kuwa aibu, sauti moja iliuinua, nyembamba, ya Kiurdu cha Karungu. Ilikuwa ya Rashid. Aliinua mstari unaomhusu yeye, neno kwa neno, kisha akangoja.

Dadi alimgeukia. Akautoa mstari wa pili. Niliusikia, nikauelewa, na safari hii nikaupima kimoyomoyo kwanza. Javed alinigusa bega. Ndipo nikautafsiri: "Niliyezeeka naye, aliyenificha nyuzi nane, hata yeye simjui."

Watu walitazamana. Watu wa Karungu walijua nyuzi nane ni za nini kabla yangu. Dadi akaeleza, akichanganya lugha zote tatu. Babake alimwoza kwa Anwar kwa sababu alimjua Anwar na ukoo wake hadi babu wa saba. Waliishi pamoja maisha marefu, mema. Kila Ijumaa baada ya sala Anwar aliaga kwamba anakwenda ghalani kuhesabu magunia, na yeye akampikia chakula cha kurudi. Siku ya tatu baada ya maziko ya Anwar, mzee asiyemjua alikuja kutoka Rusinga na nyatiti, kinanda cha Kiluo cha nyuzi nane, imefungwa kwa gunia. Alisema hii ni ya Anwar. Kila Ijumaa Anwar alikuwa akija kwake kujifunza kuipiga, na mwishowe alimpita mwalimu wake.

"Sikukasirika," alisema Dadi. "Nilicheka, halafu nikalia. Kwa sababu sikuwahi kumuuliza, Anwar, ulikuwa wapi? Nilikuwa najua."

Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Dadi alikuwa amekilalia, na bado. Javed, ambaye nadhani nyatiti ya baba yake ilikuwa habari mpya hata kwake, aliuliza kwa sauti ya mtoto, "Kwa hivyo, Amma? Ni ndiyo?"

"Kama ningengoja kumjua mtu," alisema Dadi, "wewe hungezaliwa." Akachukua laddu, ile tamutamu ya mviringo ya Kihindi, kutoka kwenye sahani, akamwita Rashid, akamtia kinywani, yote nzima, hata kijana akashindwa kushukuru. Saira alikuwa tayari ameshavuka ua. Alimkumbatia Dadi kwa nguvu hadi miwani ikakatika uzi.

Kilichofuata sijakiona popote na sitegemei kukiona tena. Baba Rashid alisimama, safari hii ameomba ruhusa kwa mkono. "An Okoth wuod Karungu," alisema. "Ng'ombe nikifungua mdomo najua miaka yake. Lakini huyu mama Rashid, karibu yangu usiku na mchana, mimi simjui." Mama Rashid alimjibu bila kugeuka, "Na hutajua." Ua ulilipuka. Kisha akasimama mjomba wa Kisumu, akajitaja, akasema hajui mwanawe anafanya kazi gani ofisini ingawa ndiye aliyemlipia masomo. Akasimama mwanamke wa omena, akajitaja. Javed akajitaja, akasema alidhani anaijua sauti yote ya baba yake. Ilikuwa pakruok iliyopinduliwa, watu wazima wakipokezana kujisifia wasichokijua, na kila mmoja akijibiwa kwa vifijo kama aliyenunua ng'ombe dume. Zamu yangu ilipofika nilisema mimi ni Halima wa Bondeni, nimesoma Kiurdu maisha yangu yote, na leo nimemaliza shairi ambalo lilikuwa halijaisha. Nilishangiliwa kuliko wote. Uso uliniwaka moto, na bado nilikuwa na furaha isiyo na mfano.

Jumatatu asubuhi Saira alinisindikiza stendi. Nilimwomba msamaha kwa ile simu ya Lambwe. Alisema alilia usiku kucha kwa sababu yangu, kwa hivyo nitamlipa kwa kupika harusini. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, akanitazama, tukacheka wote wawili. Basi lilipoanza kupanda kuelekea Rongo na Kisii niliwaza lile neno simjui. Nililichukua kuwa mlango uliofungwa kwa sababu ndivyo mimi hulitumia. Nikisema simjui mtu, nimemalizana naye. Dadi alilisema miezi yote ile akimaanisha hasa lilivyo, na sote tulikuwa tumeshamsikia zaidi ya alichosema. Wasikilizaji wabovu hawakuwa wale wa ufukweni.

Jioni, Nakuru. Juma alikuwa amepika chai. Alinipokea begi, akaniuliza safari ilikuwaje, nikamwambia yote, na alicheka palipostahili kuchekwa. Nilipofika kwenye nyatiti niliweka kikombe chini. Nilimtazama. Ni mtu ambaye hujibu sawa, nami kwa miaka nimechukulia kwamba sawa ni sawa.

"Juma," nilimwambia, "niambie kitu chako nisichokijua."

Alidhani ni utani. Alitabasamu, akangoja nimalizie mwenyewe kama ninavyofanya siku zote. Sikumalizia. Tabasamu liliondoka taratibu, akatazama mlango, akatazama mikono yake, na nikadhani atasema hakuna. Kisha akaanza kusema.

Ninyi nimewaandikia kila kitu, hata aibu yangu. Hicho sitawaandikia. Nitasema tu kwamba chai ilipoa, tukaipasha moto, ikapoa tena.